Siku Kinyonga Alipogoma Kugeuka

Dereva wa lori la saruji alisimama kando ya barabara ya Kilosa asubuhi ya Jumanne, akashuka kwenda kujisaidia kwenye kalavati. Pale kwenye kalavati hakujisaidia. Alijisaidia njiani, akirudi mbio, na wala hakuona haya. Alichokiona mle chini hakimpi mtu nafasi ya kuona haya.

Aliona mguu. Mguu wenye kiatu chekundu cha kike, kamba zimefungwa vizuri kabisa, kama wa mtu anayekwenda harusini.

Inspekta Yudith alifika kutoka Kilosa jua likiwa bado halijawa kali. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imeungwa kwa uzi, na alikuwa mwoga. Mwenyewe alilijua hilo na hakulificha. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na yeye kwake alitaka kicheko. Tena waoga hutazama vizuri wanapokanyaga, na polisi anayetazama anapokanyaga ni mali.

"Afande," alinong'ona Konstebo Elia, dereva wake, wakiwa mdomoni mwa kalavati. "Kama mwenyewe bado yumo?"

"Mwenyewe nani?"

"Simba."

"Akiwemo ataanza na wewe. Mimi nina mifupa mitupu."

Wakaingia, Elia nyuma. Maiti ilikuwa ya msichana. Begani na pajani nyama ilikuwa imenyofolewa. Uso haukuguswa, na hilo ndilo lililomsimamisha Yudith, maana uso ule aliujua. Kila apitaye Mikumi aliujua.

Ulikuwa uso wa bangoni.

Pale Mikumi, mkabala na maegesho ya malori, lilisimama bango kubwa lisilojua kutulia. Lilikuwa la mapande marefu ya bati, kila pande lina nyuso tatu, kila uso na kipande cha picha yake, yamejipanga wima kama askari kwenye gwaride. Nyuma yake kulikuwa na mota na mnyororo. Mota ikivuta, mapande yote yanageuka pamoja, krrrr, picha moja inameguka na nyingine inajiunga. Kwanza nyumba ya manjano, tangazo la rangi. Halafu Imani, binti wa Ulaya, kijiji cha huku huku Kilosa, amekumbatia mfuko wa sembe anacheka. Halafu simba wa kambi ya watalii, kinywa wazi. Kisha nyumba tena.

Watu walimwita Kinyonga. Madereva walipunguza mwendo wamsubiri Imani atokee, na trafiki nao walisahau tochi zao za kupimia mwendo mkononi.

Jumapili asubuhi Kinyonga aligoma. Picha iliyobaki mbele ni ya simba.

Na sasa msichana wa picha ya pili ameliwa.

"Hapa haihitajiki shule," alisema Nickson. Alikuwa dereva wa lori, mchumba wa Imani, na macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili. Jumamosi na Jumapili alikuwa kwenye foleni ya mpakani Tunduma, wenzake wote waliokuwa foleni walimwona. "Simba ametoka pale juu. Na aliyemtoa tunamjua."

"Nani?"

"Bi Kondo. Ijumaa, pale kwenye kibanda chake cha mizizi chini ya bango, alimwambia Imani mbele za watu: 'Cheka tu wewe, iko siku huyo jirani yako atakumeza.' Mbele za watu, Afande!"

Walikuwapo kweli watu Ijumaa ile, na wote walicheka, maana utani ulikuwa mzuri. Jumanne hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba alicheka.

Jioni ile Mikumi ilifunga milango kabla ya adhana ya magharibi. Muuza chipsi alimwaga maji kwenye mkaa, mafuta yakiwa bado yanachemka. Akina mama waliwahesabu watoto kama kuku. Hakuna aliyetaka kupita mbele ya bango, na waliolazimika walipita wameinamisha vichwa, kwa sababu simba yule wa bati, upepo ukipiga mapande, alitikisika kidogo. Kidogo tu. Kama anayevuta pumzi.

Yudith naye alipita ameinama.

Lakini woga wake mkubwa haukuwa wa simba. Mwaka juzi, kijijini Rudewa, alifika kwa kikongwe mmoja aliyeitwa mchawi akakuta majivu, na kijiji kizima kikamwambia hakikuona kitu. Harufu ile haijamtoka puani mpaka leo. Sasa alimwona Nickson amesimama na vijana kwenye kituo cha mafuta, wameshika dumu, na hakuna hata mmoja wao mwenye gari dogo wala jenereta.

Simu ya daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti ilikuja asubuhi ya Jumatano.

"Shingo imevunjika. Ameanguka kutoka juu, au ameangushwa. Jumamosi jioni hivi."

"Na meno?"

"Ya fisi, tena baadaye. Majeraha hayakutoa damu. Kitu kingine, Afande. Viganja vyake vina grisi nyeusi."

Yudith alitazama nje. Kutoka dirisha la kituo cha polisi cha Mikumi ulionekana mgongo wa Kinyonga, ngazi yake ya chuma, na kibanda cha Bi Kondo chini yake.

Alimkuta bibi akipanga mafungu ya mizizi na vikopo vya ugoro kama kawaida, ingawa hapakuwa na mnunuzi hata wa dawa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kwanza kuniamkia tangu jana. Wengine wananirushia mawe. Kwao hiyo ndiyo shikamoo."

Kijana mmoja mrefu, mpole, alitoka nyuma akafuta kigoda kwa kiganja. "Karibu, Afande. Kaa." Huyu alikuwa Nassir, mtoto pekee wa Bi Kondo. Yeye ndiye mtunza bango: kupaka grisi, kuwasha, kuzima.

"Bibi, ulimwambia Imani simba atammeza?"

"Nilimwambia. Na wewe ningekuona kila siku unafuatwa na simba mgongoni ningekwambia. Yule mtoto alikuwa ananiletea chai."

"Unamjua aliyemuua?"

Bi Kondo alifungua kopo la ugoro, akalifunga bila kunusa. "Wanasema mimi."

"Nimekuuliza unavyojua wewe."

"Mwanangu, mtu wa umri wangu anajua mengi, na mengi hayamsaidii."

Yudith akamgeukia Nassir. "Jumapili bango liligomaje?"

"Nilikuta limezima, Afande. Mota imeungua. Bosi Mathayo akasema lisiguswe mpaka fundi aje kutoka Dar."

"Imani alikuwa anapanda huko juu?"

"Apande kufanya nini?"

"Funguo za mlango wa juu?"

"Mbili. Moja ya bosi. Yangu ilipotea."

"Lini?"

Nassir alimtazama mama yake, halafu akatazama chini. "Sikumbuki."

Mathayo, mwenye bango, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Mtu wa Makambako, tumbo mbele, sauti nyuma yake. Juu ya kaunta, katikati ya makopo ya rangi, alikuwa ameweka picha ya Imani kwenye fremu, imezungushiwa kitambaa cheusi na maua ya plastiki. Kila mteja alikutana nayo uso kwa uso.

"Kwetu ndivyo tunavyomuaga mtu," alisema. "Unamweka mbele, watu wamwone."

"Kwa nini ulikataza bango lisitengenezwe?"

"Mimi? Mimi nikataze pesa? Nassir ndiye aliyesema haitengenezeki bila fundi wa Dar!"

"Yeye anasema ni wewe."

"Anasema uongo."

"Mmoja wenu anasema uongo. Naomba ufunguo."

Midomo miwili, mota moja. Yudith alirudi bangoni na Elia.

"Afande, tangulia. Mimi nitashika ngazi isianguke."

"Ngazi imechomelewa, Elia."

"Ndiyo maana nataka kuhakikisha."

Akapanda peke yake, anahesabu pumzi. Mlango wa bati ulilia. Ndani palikuwa na ujia mwembamba, ukuta wa bati nyuma, mgongo wa mapande mbele, joto la tanuri, na nzi. Nzi wengi. Harufu iliyomo aliijua kabla hajaipa jina. Ilikuwa ya buchani siku umeme umekatika.

Halafu akamwona.

Simba alikuwa anatazama nje, barabarani. Picha nyingine mbili zilikuwa zimegeukia ndani, zimepishana, kipande cha ukuta wa manjano, kipande cha Imani, kipande cha ukuta, kipande cha Imani. Jicho hapa. Meno kule. Sikio lenye hereni, halafu nusu ya mdomo unaocheka. Upepo ulipiga kwa nje, mapande yakatikisika, na vipande vyote vya jicho vikamgeukia yeye.

Yudith alitaka kupiga kelele, akakumbuka kwamba Elia yuko chini na ataisimulia Kilosa nzima. Akaing'ata kola ya shati lake, akawasha tochi ya simu.

Kulikuwa na kulabu, ya kutundikia. Chini yake chumvi ya mawe, damu iliyokauka, na manyoya magumu meusi. Ya nyati. Kwenye kizingiti cha mlango, pale ngazi inapoanzia, vidole vilikuwa vimeburuza grisi, kama vya mtu aliyetafuta pa kushika akakosa.

Mnyororo haukuwapo kwenye mota. Ulikuwa pembeni, umeviringwa ndani ya kitenge kwa upole, kama mtoto mchanga. Yudith alibonyeza swichi. Mota ikanguruma, nzima kabisa.

Hakuna kilichoungua. Kuna mtu aliushusha mnyororo kwa mkono, akamwacha simba mbele. Lakini kwa nini? Aliyeficha nyama ya wizi angetaka Kinyonga aendelee kuzunguka, asishtue mtu. Kusimamisha bango ni kuita macho. Lilikuwa tendo la kijinga, na Yudith hakuweza kulielewa. Na asilolielewa, alitembea nalo, akala nalo, akaenda nalo Ulaya mchana ule ule.

Huko alikwenda kumchukua mama yake Imani, akautambue mwili. Kijijini walidhani binti yuko Mikumi, na Mikumi walidhani yuko kijijini, ndiyo maana hakuna aliyemtafuta.

Mama alisikia habari akiwa mlangoni. Hakulia kwanza. Aliingia ndani, akaenda ukutani ilipotundikwa picha ya Imani ya kumaliza shule, akaigeuza uso ukutani. Akaenda kwenye kioo, akakigeuza nacho. Ndipo akaketi chini, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka humo Elia aliisikia barabarani, akavua kofia.

Yudith alingoja mpaka kilio kikapata pumzi.

"Mama, samahani. Kwa nini umeigeuza?"

"Kwa ukoo wetu maiti hatazamwi kwenye picha mpaka matanga yaanuliwe. Akikutazama hapumziki. Na wewe hupumziki."

"Mnafanya mara moja hivyo? Kabla ya yote?"

"Kabla hata ya kulia. Mkono unakwenda wenyewe, mwanangu."

Yudith alihesabu siku nyuma. Jumapili. Maiti ilionekana Jumanne. Jumapili, dunia nzima ilipodhani Imani yu hai, kuna mtu alikwishamgeuza uso ukutani.

"Mikumi kuna mtu mwingine wa ukoo huu?"

"Wapo. Bi Kondo na mwanawe. Tumezaliwa shina moja."

Simu ya Yudith ikalia. Ilikuwa ya askari aliyemwacha zamu kibandani kwa Bi Kondo, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na sauti nyingine nyingi.

"Afande, rudi. Wamekuja na dumu."

Elia, ambaye kwa kawaida huendesha kama amebeba mayai, siku hiyo aliendesha kama ameyaiba. Njia nzima Yudith alikuwa akisikia harufu ya Rudewa. Mama yake Imani alikaa nyuma, khanga usoni.

Walikuta umati umejaa mpaka barabarani, malori yamesimama. Jua lilikuwa linashuka na simba wa bango alikuwa mwekundu wote. Askari wawili walikuwa wameshikana mikono mbele ya kibanda. Paa la makuti lilikuwa limelowa, na halikulowa mvua. Bi Kondo alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, na kitu kilichomwogofya Yudith kuliko dumu ni kwamba bibi hakuwa akiomba.

"Mimi ndiye," alikuwa anasema, taratibu, kama anayetaja bei ya ugoro. "Nimemtuma simba. Nichomeni, mwende mkalale."

"Mmesikia!" Nickson alipaza sauti. "Amekiri mwenyewe!"

Nassir alikuwa amesimama pembeni ya ngazi, midomo mikavu, anamtazama mama yake. 

Yudith alipanda juu ya boneti ya gari. 

"Nickson! Unamtaka aliyemuua Imani, au unataka moto tu?"

"Namtaka muuaji!"

"Basi nipe muda wa picha tatu. Elia, panda. Mnyororo uurudishe. Ni kama wa baiskeli."

Elia alimtazama simba, akamtazama inspekta, akaona inspekta ndiye mkali zaidi. Akapanda.

"Nassir, njoo hapa. Usimame katikati, uso juu."

"Afande, mota imeungua..."

"Tutaona."

Juu kule mota ilinguruma. Umati ukarudi nyuma kama maji. Krrrr. Simba akameguka vipande, kinywa chake kikafunguka kikaisha, na mahali pake ikaja nyumba ya manjano, tupu, madirisha meusi.  Kisha krrrr tena. Ukuta ukapasuka, na katika nyufa likaja jicho. Hereni. Nusu ya mdomo. Pande kwa pande, Imani akajikusanya, akawatazama wote, anacheka.

Mama yake Imani alifunika kichwa, akaanguka magoti. Lakini sauti iliyopiga kelele haikuwa yake.

"Mgeuzeni!" Nassir alikuwa ameziba uso kwa mikono miwili. "Ananitazama! Mgeuzeni, mama, ananitazama!"

"Elia, zima hapo hapo!" Imani akabaki mbele. "Nassir, nani amekwambia Jumapili kwamba amekufa?"

"Mgeuzeni kwanza..."

"Nani alikwambia? Mama yake amejua leo. Mchumba wake amejua jana. Wewe ulimgeuza Jumapili. Nani alikwambia?"

Nassir alikaa chini kwenye vumbi, na maneno yakamtoka kama matapishi.

Wawindaji haramu walikuwa wanamletea nyama ya nyati aiweke juu, mahali ambapo mbwa hafiki na mtu hatazami nyuma. Jumamosi jioni Imani alikuwa anakwenda kwao, amevaa viatu vipya. Mama yake hajawahi kuliona bango. Akataka kupiga picha na simu, yeye na uso wake, karibu. Akapanda bila kuuliza, mimi nikiwa ndani, mlango wazi. Akakuta paja linaning'inia.

"Akasema atamwambia bosi. Nikampigia magoti. Ningezeekea gerezani, Afande. Akageuka ashuke. Nikamsukuma. Sikumsukuma afe. Nilimsukuma anyamaze."

"Halafu?"

"Nikamtia kwenye magunia ya nyama, nikampakia pikipiki. Fisi nikajua watakuja. Usiku sikulala. Asubuhi nikawasha mota kama kawaida, niko chini hapa... akatoka. Nikafumba macho, nikafumbua, akatoka tena. Kila nikitazama anatoka. Mkono ukaenda wenyewe."

"Na mama yako wakimchoma?"

Nassir alitazama vumbi. Lilikuwa swali pekee alilokosa jibu lake, na umati wote ulilisikia hilo kuliko yote aliyosema.

Dumu lilimtoka Nickson mkononi. Mafuta yalimwagika kwenye viatu vyake na hakuyaona. Watu waliokuwa mstari wa mbele walianza, mmoja mmoja, kukumbuka kwamba wana vyungu jikoni.

Elia alishuka, akamfunga Nassir pingu, akampa onyo la kisheria kwa sauti iliyokuwa bado inatafuta pumzi. Yudith alikwenda kuchutama mbele ya kigoda.

"Bibi. Ulijua tangu Jumapili."

"Niliamka, nikatazama juu, nikaona mtoto wa watu amegeuzwa." Bi Kondo alisema bila kumtazama mwanawe. "Nani alimfundisha kugeuza? Mimi. Baba yake alipokufa alikuwa mdogo, nikamshika mkono tukageuza picha pamoja. Nikajua kuna maiti. Sikujua iko wapi. Nikakaa hapa, nangoja anijie aniambie."

"Ukawaacha wakumwagie mafuta?"

"Nilifikiri moto ukiwaka atasema, 'Muacheni mama.'" Alifuta kopo lake la ugoro kwa upindo wa khanga, ingawa lilikuwa safi. "Mafuta yakamwagwa. Kibiriti kikatoka mfukoni. Nilikuwa namtazama yeye."

Mama yake Imani alikuwa bado amepiga magoti barabarani. Bi Kondo aliinuka kwa fimbo, akaenda mpaka kwake, akakaa naye kwenye lami. Malori yakangoja. Hakuna dereva aliyethubutu kupiga honi.

Halafu bibi aliinua uso, akamtafuta Elia.

"Wewe mwanangu uliyepanda. Shikamoo hukunipa, lakini nimekusamehe. Panda tena, umgeuze huyu mtoto ukutani. Matanga hayajaanuliwa."

Elia alimtazama inspekta. Inspekta aliitikia kwa kichwa.

Akapanda, safari hii bila kumwomba mtu atangulie.